Mbwa kagongwa, daktari kataja laki tisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi si daktari. Ni mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, ninayefuga mbwa mmoja na paka mmoja. Wote wawili wameshawahi kunifikisha kwenye meza ya daktari wa wanyama nikiwa na jasho la mgongoni. Tangu hapo majirani wananiuliza maswali yaleyale, mengine saa nne za usiku mnyama akiwa anavuja damu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu niliyoyapata kwa madaktari, na mengine niliyoyapata kwa kulipa.

Kwa nini bei iko juu hivi? Mtu akivunjika mguu hospitali ya wilaya mbona halipi hela yote hii?

Hailipi yeye, lakini inalipwa. Mshahara wa daktari, jengo, mashine ya eksirei na sehemu ya dawa vinatoka kwenye kodi, na mwenye bima anaongezewa na mfuko. Sisi tunaona kile kipande kidogo cha dirishani, tunadhani ndiyo bei ya kutibu mfupa. Kwa mnyama hakuna wa kukupunguzia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 haimgusi paka. Kila kitu, kuanzia umeme wa jenereta hadi glavu za msaidizi, kinatoka mfukoni mwako.

Wazee watakwambia zamani mifugo ilitibiwa na serikali, na hawakosei. Kulikuwa na majosho, chanjo na bwana mifugo wa kijiji. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, Tanzania na Kenya pia, yakaacha sehemu kubwa ya huduma hizo mikononi mwa watu binafsi. Ila hata enzi hizo kilichotibiwa kilikuwa ng'ombe. Mbwa alipata chanjo ya kichaa, basi. Matibabu ya mbwa na paka yamekua kama biashara binafsi tangu mwanzo, ndiyo maana vituo vingi viko Masaki, Msasani na Mikocheni, si Mbagala.

Halafu kuna dola. Dawa ya nusu kaputi, nyuzi za kushonea, pini na vyuma vya mifupa, karibu vyote vinaagizwa nje, kwa hiyo shilingi ikiyumba bei inapanda. Kuna kliniki zinazotumia pini zilezile za mifupa ya binadamu, saizi za vidole na mikono. Mbwa haingizwi kifaa cha bei ya kimbwa.

Bili yenyewe ina nini ndani?

Nitatoa ya kwangu. Sajenti, mbwa wangu wa kilo 19, aligongwa na bodaboda akavunjika paja la nyuma. Hii ni risiti moja ya kliniki moja, msiichukue kama bei elekezi:

Kumwona daktari 40,000
Dripu na sindano za maumivu 65,000
Eksirei, picha mbili 120,000
Kipimo cha damu 50,000
Nusu kaputi 130,000
Upasuaji na pini 450,000
Kulazwa siku tatu 75,000
Dawa za kwenda nazo nyumbani 35,000

Jumla 965,000. Nilipoiona mara ya kwanza macho yalikwenda moja kwa moja kwenye ile laki nne na nusu. Baadaye daktari akanionyesha chumba: yeye mwenyewe, msaidizi mmoja aliyeshika mguu, na mwingine ambaye kazi yake kwa saa mbili na nusu ilikuwa kusikiliza moyo na kutazama ufizi tu. Mnyama akilazwa nusu kaputi lazima awepo mtu wa kumchunga asife, hata kama anayepasuliwa ni paka wa kilo tatu. Ndiyo sababu operesheni ya mnyama mdogo haiwi ndogo kwa bei.

Eksirei ni lazima? Na kwa nini picha mbili?

Mfupa ukipigwa picha kwa mbele tu unaweza kuonekana mzima, kumbe kwa ubavuni umepishana. Picha moja wakati mwingine ni hela iliyopotea. Ila siyo kila anayechechemea anahitaji eksirei siku hiyohiyo. Muulize daktari hivi: "Picha ikionyesha hiki au kile, matibabu yatabadilika?" Akikwambia hayabadiliki, mnaweza kusubiri siku tatu mkitibu maumivu.

Nikimwambia daktari sina hela, si atanifukuza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na ndilo ninalotaka kulijibu kwa sauti ya juu. Sema. Sema mapema, mnyama akiwa bado mezani na hajachomwa kitu, na utaje tarakimu: "Daktari, leo nina laki mbili, mwisho wa mwezi naweza kupata nyingine mbili. Kwa hizo tufanye nini?"

Wengi tunafanya kinyume. Tunaona aibu, tunaitikia kila kitu, "fanya tu daktari," kisha jioni tunakuja kushtukia bili na kuanza ugomvi dirishani. Au tunamkumbatia mnyama tunarudi naye nyumbani bila hata sindano ya maumivu, kwa kuwa tumesikia laki tisa tukadhani chaguo ni laki tisa au hakuna. Sivyo. Kwa jeraha lilelile mara nyingi kuna ngazi tatu: matibabu kamili, ya kati, na yale ya kumwondolea mateso tu. Mfupa unaweza kuwekwa chuma cha bamba, ambacho ni ghali. Unaweza kuwekwa pini. Na mguu uliosagika kabisa unaweza kukatwa, kazi ambayo mara nyingi ni nafuu kuliko kuuunga. Mbwa na paka wengi wanakimbia vizuri tu kwa miguu mitatu. Wanaoumia kuutazama ni sisi.

Paka wangu, Chausiku, alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jirani akavunjika nyonga. Nilikwenda nikiwa nimeshajikunja kwa bili. Daktari akatazama picha, akasema mifupa haijaachana sana, mkojo unatoka, miguu ina hisia. Huyu anahitaji kufungiwa. Nililipa 175,000 yote kwa yote. Wiki tano alikaa ndani ya tenga la kuku chini ya meza ya chakula, bakuli upande mmoja na beseni la mchanga upande wa pili, binti yangu akimsomea kitabu cha darasa la pili. Leo anapanda ukuta. Kama nisingeuliza "kuna njia nyingine?" nisingejua kwamba nyonga zilizovunjika mara nyingi hupona kwa kutulizwa.

Mwombe pia kadirio la maandishi kabla ya kazi, na namba ambayo bili haitaipita bila wewe kupigiwa simu. Wapo wanaokubali kulipwa kwa mafungu, hasa wanaokufahamu kwa chanjo za kila mwaka. Wanaokuona kwa mara ya kwanza usiku wa manane watataka nusu mbele. Usiwalaumu, wameshakimbiwa sana, wengine wakaachiwa hadi mnyama mwenyewe.

Amegongwa sasa hivi, niko naye barabarani. Nifanye nini?

Jilinde kwanza. Mbwa wako mwenyewe mwenye maumivu atakung'ata. Mfunge mdomo kwa kitambaa kirefu au ukanda wa kanga, isipokuwa kama anapumua kwa shida au anatapika. Damu inayotoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuinua kuchungulia kila sekunde. Mwingize kwenye ubao, mkeka mgumu au kanga iliyoshikwa pembe nne na watu wawili. Paka anaingia kwenye tenga au boksi lenye matundu. Usimpakate kwenye bajaji, akishtuka honi humwoni tena.

Tazama ufizi. Wa pinki ni afadhali. Mweupe, au ukibonyeza kwa kidole rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, maana yake damu inapotea au mwili umezimika kwa mshtuko, na hapo hakuna kusubiri asubuhi. Vivyo hivyo anayepumua kwa tumbo, au aliyepitisha muda wa saa 12 bila kukojoa baada ya kugongwa, hata kama anatembea. Wengine wanainuka na kukimbia huku kibofu kimepasuka au kiwambo kinachotenganisha mapafu na tumbo kimechanika.

Mpigie daktari simu ukiwa njiani. Kufika kliniki iliyofungwa na kuanza safari ya pili kunakula nauli na kunakula mnyama.

Naweza kumpa Panadol wakati nasubiri hela?

Hapana. Paka anaweza kuuawa na kidonge kimoja cha paracetamol. Ini lake halina uwezo wa kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia. Diclofenac na ibuprofen zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Nimeona bili ambayo nusu yake ilikuwa ya kutibu dawa aliyopewa nyumbani, siyo ajali. Kidonda chenyewe kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Usitie spiriti wala mafuta ya taa, na oili chafu ya gari, ambayo kwetu bado ina heshima yake, iache gereji.

Kuna mtaalamu wa mtaani anatibu kwa bei ya chini. Nimwite?

Inategemea ni nani na anaitwa kufanya nini. Wapo wataalamu wasaidizi wa mifugo waliosajiliwa kihalali, wanaosafisha vidonda na kuchanja vizuri kabisa. Kwa kidonda cha kuumwa na mbwa mwenzake au ukucha uliong'oka, hao ni msaada mkubwa na bei yao ni ya kibinadamu. Mfupa na tumbo ni vya daktari. Kwa Tanzania wote hao, madaktari na wasaidizi, wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, Kenya ni Kenya Veterinary Board. Kuomba kuona cheti si ukorofi.

Sasa nikiri. Sajenti hakuanzia kwenye ile kliniki ya risiti. Alianzia sehemu nyingine, siitaji, ambako alifungwa hogo, ile plasta ngumu, kwenye paja kwa 210,000, bila eksirei na bila risiti. Siku ya nne vidole vya mguu vikavimba kama karanga zilizolowekwa. Siku ya tisa vikaanza kunuka. Daktari wa pili alipolikata lile hogo alitikisa kichwa: paja halifungwi hogo, kwa sababu ili mfupa utulie lazima kiungo cha juu yake na cha chini yake vyote vishikwe, na nyonga ya mbwa huwezi kuifunga plasta. Hogo lilikuwa limening'inia kama jiwe, likiuvuta mfupa chini. Kwa hiyo kwa ajali ile nimetumia 1,175,000, siyo 965,000, na laki mbili za mwanzo zilinunua siku tisa za maumivu. Mnyama wako akifungwa bandeji ya mguu popote, vidole viwili vya katikati viachwe vionekane, uvishike kila siku. Vikiwa baridi au vimevimba, rudi siku hiyohiyo.

Kuna mahali pa bei nafuu?

Vyuo vinavyofundisha madaktari wa wanyama ndivyo vya kuuliza kwanza. Tanzania ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, chenye hospitali yake ya wanyama. Kutoka Dar ni karibu kilomita 190, kwa hiyo inafaa kwa mnyama aliyeshatulizwa, siyo anayevuja damu. Kenya ni Kabete, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi. Unatazamwa na wanafunzi wengi, maswali ni mengi, subira inahitajika, lakini nyuma yao amesimama mwalimu wa upasuaji.

Jumuiya za ustawi wa wanyama nazo zipo. Nairobi kuna KSPCA, iliyoanza 1910. Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, The Donkey Sanctuary ilifungua kituo cha punda 1987. Jumuiya hizi zinaishi kwa michango na zinajaa haraka. Nenda na ulichonacho, hata kama ni elfu ishirini, usiende mikono mitupu kana kwamba ni haki yako.

Bima ya mbwa na paka ipo?

Kampuni za hapa zikisema bima ya mifugo, aghalabu zinamaanisha ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa kwa mkopo. Uliza, ila usikatae matibabu ukiisubiri. Na wale wanaodhani Ulaya wameshamaliza tatizo hili: Uingereza bima za wanyama zimejaa, shirika la hisani la PDSA limekuwa likitibu wanyama wa wasio na uwezo tangu 1917, na bado malalamiko ya bei yalifika mahali ambapo mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilifungua uchunguzi rasmi wa soko la madaktari wa wanyama mwaka 2024.

Aliyemgonga si anatakiwa alipe?

Ukimpata. Kama mbwa wako alikuwa anazurura barabarani bila mtu, jiandae kuambiwa wewe ndiye umlipe yeye taa iliyovunjika. Yule wa bodaboda alinipa elfu kumi na pole. Nilipokea vyote.

Watu wananicheka: laki tisa kwa mbwa! Si dhambi?

Mama mkwe wangu aliniuliza hivyohivyo, akaongeza kwamba laki tisa ni ada ya mtoto. Ni kweli. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Baadaye nilimkumbusha hadithi ambayo yeye mwenyewe hutusimulia, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Hakuna mahali zinaposema ukope kwa riba umnunulie paka chuma cha bamba. Zinachosema, nionavyo mimi, ni kwamba mnyama uliyemfunga kwako asiachwe kwenye mateso. Sindano ya maumivu ni lazima. Upasuaji wa milioni ni uwezo. Kaeni nyumbani, mpange kikomo siku ambayo hakuna aliyeumia, maana siku ya damu kila mtu anaahidi kuuza friji.

Lini kumpumzisha kunakuwa ndiyo uamuzi sahihi?

Mgongo ukikatika na miguu ya nyuma ikawa haina hisia kabisa hata ikibanwa kwa koleo, matumaini ni madogo. Vilevile viungo vya ndani vikiwa vimesagika, au pale ambapo matibabu pekee yanayofaa huyamudu na mengine yote ni kumrefushia maumivu. Daktari humpa kwanza dawa ya usingizi, halafu ile ya pili inayosimamisha moyo. Uliza bei kabla, na uliza kama unaweza kukaa naye. Kaa naye. Sumu ya panya, au kumwacha dampo "aende mwenyewe," usithubutu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008.

Nimemwokota mbwa wa mtaani aliyeumia. Nimpeleke?

Kabla ya huruma, kumbuka kichaa cha mbwa. Mnyama usiyemjua historia yake usimshike kwa mikono mitupu. Akikung'ata au mate yake yakagusa kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali ya binadamu siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kuhusu bili, kliniki itamhesabu aliyemleta kuwa ndiye mwenye mbwa. Tangaza mchango kwanza kwenye kundi la mtaa, taja jina la kliniki ili watu watume hela huko moja kwa moja, halafu weka risiti hadharani. Mchango wa pili utategemea risiti ya kwanza.

Nijiandaeje ili nisikutwe?

Kibubu. Shilingi 1,000 kwa siku ni 365,000 kwa mwaka, inatosha kufungua mlango wowote wa kliniki. Changu kiko juu ya kabati, kimeandikwa SAJENTI kwa kalamu nyekundu, na mke wangu ameshakivunja mara moja kwa ajili ya gesi. Geti lifungwe. Dume ahasiwe, majike nayo yafungwe uzazi, kwa sababu ajali nyingi mtaani kwetu zinatokea wakati wa kufukuzana. Chanja kila mwaka. Siku ya kichaa cha mbwa duniani, 28 Septemba, maeneo mengi huchanja bure.

Akishatoka kliniki, gharama zimeisha?

Hapana, na hili hawalisemi mpaka uulize. Pini ya Sajenti ilitakiwa kutolewa baada ya wiki nane, 150,000 nyingine, pamoja na eksirei ya kuthibitisha mfupa umeshika. Kuna kutoa nyuzi siku ya 10 hadi 14, kuna ile koni ya shingoni asilambe kidonda. Koni tuliitengeneza kwa ndoo ya rangi ya lita nne iliyokatwa kitako, kingo zikazungushiwa kitambaa. Alitembea nayo uani wiki mbili akigonga kila sufuria. Siku ya kuivua aliibeba mdomoni akaenda kuizika nyuma ya choo.